Kobe kwenye mpando wa Kiwira: kisa cha aliyeacha Subaru ya turbo akachukua Leaf

Tumchukue mfanyabiashara wa Mbeya mjini ambaye kwa miaka kadhaa aliendesha Subaru Impreza WRX ya injini EJ205: lita 2, turbo, nguvu farasi 250 kwa karatasi za Japani. Injini ikanoki. Gereji ikampa njia mbili, anunue injini nyingine iliyotumika au auze gari kama lilivyo. Akauza, akaongezea fedha, akaagiza gari la umeme, Nissan Leaf ya betri ya uniti 24 (kilowati-saa 24), toleo la AZE0 lililoanza mwishoni mwa 2012. Ikafika na vipande 12 vya uzima wa betri kwenye dashibodi, yaani vyote, na kilomita chache.

Wiki ya tatu akaenda nayo Tukuyu. Kwenda hakuona tatizo. Wakati wa kurudi asilimia za chaji zikaanza kudondoka kwa kuruka: 41, mara 36, mara 30. Katikati ya mpando wa kutoka Kiwira kuelekea Isyonje ikawaka taa yenye umbo la kobe, na gari likawa linatambaa kwa mwendo wa baiskeli. Dashibodi bado ilionyesha asilimia 20 na ushee. Malori ya ndizi na viazi yakampita moja baada ya jingine, na waliosimama kumsaidia wakasema lile ambalo kila mtu husema: magari ya umeme hayawezi milima ya huku.

Kauli hiyo ni kinyume cha ukweli, na kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu hiyo. Kwenye miinuko ya Mbeya, Rungwe na Njombe, mota ya umeme ina faida ambayo injini ya petroli haina. Kilichomwangusha mwenye gari ni betri, na hata hapo ni kipande kidogo sana cha betri.

Mwinuko unamfanya nini nani

Mbeya mjini ni kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa imepungua uzito kwa karibu asilimia 15 ukilinganisha na Dar es Salaam. Ukipita mita 2,000 kwenye barabara ya Tukuyu, upungufu unakaribia asilimia 20. Injini ya kawaida isiyo na turbo inapoteza nguvu kwa kiasi hichohicho, kwa sababu haiwezi kuchoma petroli ambayo haina hewa ya kuichoma. Turbo inafidia kwa kuzunguka kasi zaidi, ndiyo maana Subaru za turbo zikapendwa sana huku juu. Lakini fidia hiyo ina bei yake: turbo inapata joto zaidi, oili inaungua mapema, na kompyuta ya gari iliyopangwa kwa petroli ya oktani ya juu ya Japani inakutana na petroli ya kawaida. Ukichelewesha oili kidogo, beringi za konirodi ndizo zinazolipa. Injini ya kisa hiki ilikufa hivyo, na hakuna cha kushangaza hapo.

Mota ya Leaf haivuti hewa. Kilowati 80 za Kyela ni kilowati 80 za Isyonje. Msukumo wake wa mita-nyutoni 254 upo tangu gurudumu halijaanza kuzunguka, na mtu anayetoka kwenye WRX anausikia mgongoni hadi kama kilomita 50 kwa saa. Baada ya hapo WRX inamwacha mbali. Leaf hii inachukua sekunde kama 11 na nusu kufika 100, karibu mara mbili ya muda wa Subaru, na anayenunua Leaf ya uniti 24 akitarajia mbio za Subaru ameingia duka lisilo lake.

Mpando ule ulidai nguvu kiasi gani? Gari lenye watu wawili lina uzito wa kama kilo 1,600. Kwenye mwinuko wa asilimia 7, kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, betri inatoa kama kilowati 40. Kwa mwendo wa 60, inatoa kama 28. Kwa hiyo mota ilikuwa inafanya kazi nusu ya uwezo wake. Haikushindwa mlima.

Hesabu ya safari

Uniti moja ya LUKU ni kilowati-saa moja, kipimo kilekile cha betri ya gari. Kwa hiyo hesabu zote hapa ni za uniti, na mtu anaweza kuzifanya mwenyewe kwa mita ya nyumbani.

Kwa gari la kilo 1,600, kila mita 100 za kupanda zinakula nusu uniti juu ya matumizi ya kawaida ya barabara. Kila mita 100 za kushuka zinarudisha kama uniti 0.28, ikiwa mota inapewa nafasi ya kuchaji na breki hazikanyagwi kwa nguvu. Pengo kati ya nusu na 0.28 ni umeme unaopotea njiani kama joto. Barabara tambarare kwa mwendo wa 60 hadi 70 inakula kama uniti 13 kwa kilomita 100.

Mbeya hadi Tukuyu ni kama kilomita 70. Chukulia kwenda unapanda mita 500 na kushuka 700, kurudi ni kinyume chake. Kwenda: uniti 9.1 za barabara, ongeza 2.5 za kupanda, toa 2 za kushuka, unapata 9.6. Kurudi: 9.1, ongeza 3.5, toa 1.4, unapata 11.2. Jumla ni uniti 20.8.

Betri ya uniti 24 ikiwa mpya inakupa kama 22 za kutumia, kwa sababu kompyuta inaficha kiasi cha kulinda seli. Kwa vipande 12 mwenye gari aliamini ana 22. Hata kwa imani hiyo alikuwa anabakiwa na uniti moja na kidogo, akiba ambayo upepo au mvua ya Rungwe inaimaliza. Alipaswa kusita hapo kabla hata ya kujua kwamba vipande vyenyewe vilikuwa vinadanganya.

Vipande 12 vilivyodanganya

Kipande cha kwanza kwenye dashibodi ya Leaf hutoweka betri inaposhuka hadi karibu asilimia 85 ya uwezo wake wa awali, kisha vingine hutoweka kwa kila asilimia 6 na robo hivi. Betri yenye asilimia 71 inapaswa kuonyesha vipande 9. Lakini kumbukumbu ya kompyuta ya betri inaweza kufutwa kwa kifaa, na baada ya kufutwa inaanza upya kana kwamba betri ni mpya. Vipande 12 vinarudi, hata asilimia inayosomwa na LeafSpy, programu ya simu inayosoma hali ya betri ya Leaf, inarudi juu. Wiki au miezi inapopita na gari likitumika, kompyuta inajifunza ukweli na vipande vinaanza kudondoka. Aliyeuza keshapokea fedha yake.

Kuruka kwa asilimia kutoka 41 hadi 36 hadi 30 ni dalili ya hilo. Kompyuta inahesabu kwa betri ya kufikirika, inakuta volti za kweli ziko chini, inajisahihisha kwa kuruka. Gari ambalo kumbukumbu yake haijachezewa hushuka asilimia mojamoja.

Kuna jaribio lisilohitaji kifaa chochote. Endesha gari hadi chaji ibaki asilimia 10. Usiku zima kila kitu nyumbani, friji pamoja na taa, andika namba ya LUKU, chaji hadi ijae, andika tena. Kati ya uniti zilizotoka LUKU, kama asilimia 87 ndizo zinazoingia kwenye betri, zilizobaki zinapotea kwenye chaja kama joto. Betri mpya ingekula kama uniti 22 hadi 23. Gari la kisa hiki lilikula 14.5. Zidisha kwa 0.87, gawanya kwa 0.9 kwa sababu ulianzia asilimia 10, unapata uniti 14 za kweli. Hiyo ni asilimia 64 ya betri mpya. Si jaribio la maabara, ila halidanganyiki kirahisi kama dashibodi.

Kumtafuta aliyechoka

Betri ya uniti 24 ina seli 192, zimefungwa mbilimbili kuwa jozi 96, na jozi hizo zimepangwa kwa mfuatano mmoja. Umeme uleule unapita katika zote. Ni kama ndoo 96 zinazotoa maji kwa pamoja kwa bomba moja: ndoo moja ikikauka bomba linafungwa, hata kama 95 zina maji nusu. Kompyuta inapoona jozi yoyote inakaribia volti 3, inabana nguvu na kuwasha kobe. Haitazami wastani, inatazama aliye dhaifu kuliko wote. Ndiyo maana asilimia 20 ilikuwa inaonekana huku gari limekufa miguu.

Jozi iliyochoka inajificha gari likiwa limesimama. Ukiunganisha kifaa kidogo cha OBD chenye Bluetooth (kinachomekwa kwenye tundu la kusomea kompyuta ya gari) na kufungua LeafSpy gari likiwa kwenye uwanja wa muuzaji, unaona mistari 96, mmoja kwa kila jozi, imejipanga sawa, tofauti ya milivolti 20 au 25 kati ya ya juu na ya chini, na muuzaji anasema, «Unaona, bosi, betri mpya hii.» Anayenunua gari la umeme kwa kupima uwanjani amenunua picha. Seli ikichoka ukinzani wake wa ndani hupanda, na ukinzani hauonekani mpaka umeme mwingi upite.

Kwa hiyo lipimwe kwenye mlima. Chaji lijae, liache saa moja, kisha endesha hadi kati ya asilimia 30 na 40. Tafuta mpando mrefu usio na msongamano. Kwa wakazi wa Mbeya, kurudi mjini kutoka Mbalizi kupitia Iwambi kunatosha, ila uwe macho na malori kwa sababu eneo lile ni la ajali. Dereva akanyage hadi mzigo wa kilowati 40 hivi kwa nusu dakika mpaka dakika moja, mwenzake akiangalia mistari. Dereva asiangalie simu kabisa.

Kuna majibu ya aina mbili. Mistari yote ikishuka pamoja kama watu wanaoinama mara moja, betri yote ni mzee. Kubadilisha moduli (maboksi yanayobeba seli) mbili tatu ni kutupa fedha. Mstari mmoja au michache ikizama zaidi ya milivolti 100 chini ya majirani, kuna jozi mbovu ndani ya betri ambayo bado inafaa. Katika kisa hiki mistari 95 ilibaki karibu volti 3.55 na mmoja ukazama hadi 3.12. Ukiondoa mguu kwenye pedeli, unapanda na kurudi kwenye mstari ndani ya sekunde chache kana kwamba haukuhusika.

Kubadilisha moduli

Jozi mbili zimo ndani ya moduli moja, boksi bapa la bati lenye uzito usiofika kilo 4. Betri nzima ina moduli 48: 24 zimesimama nyuma chini ya kiti, zilizobaki zimelala mbele. Betri yote ina uzito wa karibu kilo 300, inashushwa kwa chini gari likiwa kwenye lifti.

Ikiwa imejaa, betri hii ina karibu volti 400 za umeme wa moja kwa moja. Umeme huo unaua, na ukianzisha cheche haizimiki upesi kama ya umeme wa ukutani. Fundi asiye na glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000 na mita yenye kiwango hicho asifungue. Utaratibu: zima gari, peleka ufunguo mbali; toa waya hasi wa betri ndogo ya volti 12; inua kifuniko cha sakafu mbele ya kiti cha nyuma, ng'oa plagi ya chungwa inayokata umeme mkubwa, iweke mfukoni mwako ili asiirudishe mtu mwingine; subiri dakika 10 kapasita zimalize chaji; pima kabla ya kugusa. Hata plagi ikiwa nje, ndani ya boksi la betri umeme bado upo, umegawanywa tu vipande viwili. Vijana wa gereji husahau hilo.

Moduli mpya kwenye nafasi yake lazima ifanane na wenzake. Ina vituo vitatu, kwa hiyo pima kila jozi peke yake, kisha ichaji au ipunguze chaji hadi tofauti na majirani isizidi volti 0.02. Mfumo wa gari wa kusawazisha seli ni wa polepole mno, tofauti kubwa itachukua wiki nyingi kusawazika na kobe atakuwa anarudi. Usihangaike kutafuta moduli yenye uwezo mkubwa sana kuliko zingine, ziada yake haitatumika. Mwisho, gundi ya kuziba kifuniko: ikikosewa, maji ya masika yanaingia, na hitilafu ya maji ndani ya betri haina tiba nafuu.

Baada ya kazi hiyo jaribio la LUKU lilisoma uniti 17, sawa na 16.4 za kweli, asilimia 75. Safari ya Tukuyu kwenda na kurudi inahitaji 20.8. Bado haitoshi, na fundi anayemwambia mteja kwamba sasa inatosha anamrudisha kulekule mlimani.

Soketi ya nyumbani

Hapa pana kosa la pili la mwenye gari, ambalo lingeweza kuchoma nyumba. Alichaji kwa waya wa kuchajia uliokuja na gari, akabadilisha plagi ya Kijapani kwa plagi ya kawaida ya ampea 13 na kuichomeka kwenye soketi ya sebuleni. Gari linavuta kilowati 3 bila kupumzika saa 6 au 7. Pasi inavuta dakika chache ikajizima. Soketi ya bei nafuu haikutengenezwa kwa mzigo wa usiku kucha. Plastiki iligeuka rangi ya kahawia kuzunguka tundu moja, kisha ikalainika. Ukigusa plagi baada ya saa moja ukashindwa kuishikilia, zima.

Kinachotakiwa: waya wa milimita za mraba 4 kutoka kwenye bodi moja kwa moja hadi sehemu ya kuchajia, saketi breka yake peke yake ya ampea 20, kifaa cha kukata umeme unaovuja cha miliampea 30, na soketi ya bluu ya viwandani ya ampea 16. Waya wa kuchajia uwe umeandikwa volti 240, maana wa Japani mwingi umeandikwa 200. Kama huna uwezo huo kwa sasa, tafuta waya wa kuchajia unaoweza kushushwa hadi ampea 10. Ni kilowati 2.3, kwa saa 8 inatosha.

Ethi pia. Kiboksi cha waya wa kuchajia kinapima ethi kwanza, kikiona mbovu kinawasha taa nyekundu na kukataa. Udongo wa majivu ya volkano wa Mbeya ukikauka kuanzia Septemba, fimbo fupi ya ethi inapoteza mshiko, gari lililokuwa linachaji masika linagoma kiangazi, na watu wanailaumu chaja. Ongeza fimbo ya pili, uziunganishe. Na radi za Januari zikianza, chomoa.

Gharama: Tukuyu kwenda na kurudi ni uniti 24 za LUKU baada ya upotevu, kama shilingi 8,500 kwa bei ya shilingi 356 kwa uniti. WRX inayokwenda kilomita 9 kwa lita inakula lita 15 na nusu. Kwa shilingi 3,000 kwa lita ni zaidi ya 46,000. Ila aliye kwenye bei nafuu ya matumizi madogo ajue kwamba gari litamvusha uniti 75 kwa mwezi, na nyumba nzima itahamia bei kubwa.

Kuteremka nako kuna hesabu

Anayekaa mjini na kuanza siku kwa kuteremka kwenda Uwanja wa Ndege wa Songwe anashuka karibu mita 350. Akiondoka na betri iliyojaa, hakuna pa kuweka umeme wa mteremko, mota inakataa kuchaji, na breki za kawaida zinabeba kazi yote. Asubuhi za Juni na Julai baridi ya Mbeya inaongeza ukataaji huo. Achaji hadi asilimia 80 na kuweka gia kwenye B, ambako mota inazuia gari na kuchaji zaidi. Anafika Mbalizi breki zikiwa baridi na chaji ikiwa karibu palepale. Baridi hiyo ina wema wake pia: betri ya Leaf haina mfumo wa kupoza, joto ndilo linaloizeesha, na Mbeya inaitunza kuliko Kyela.

Anunue nini

Kwa mahitaji haya, Leaf ya uniti 24 ni gari la mjini: Mwanjelwa, Uyole, Mbalizi, shule na soko. Kwa Tukuyu mara kwa mara, inayofaa ni ya uniti 40 iliyoanza 2017, kilowati 110 na mita-nyutoni 320. Hata ikiwa imebaki asilimia 80 ina kama uniti 29 na inarudi na akiba. Aliyelelewa na WRX na anayetaka kusikia tena gari likimsukuma kitini atafute ya uniti 62, kilowati 160, kama mfuko unaruhusu.

Mwenye gari wa kisa hiki alibaki na alilonalo na kubadilisha safari. Tukuyu akaweka soketi ya bluu kwenye ghala la mwenyeji wake wa biashara. Anaondoka Mbeya na uniti 16.4, anafika na 6.8, anachaji saa 4 kwa ampea 10 wakati anapakia mizigo, anaongeza 8. Mizigo ikizidi kilo 200 anaipeleka kwa Fuso. Kurudi, kwenye mpando wa Kiwira anashika 60, hata nyuma kukiwa na mtu anayepiga honi, kwa sababu kati ya 60 na 80 pana kilowati 12 ambazo jozi dhaifu ndizo zinazozilipia. Anavuka Isyonje mistari yote 96 ikiwa ndani ya milivolti 40, anaanza kuteremka kuelekea Igawilo, na anaingia mjini na asilimia 22.